Kazi Mpya ya Mzee Malimi

Jumatatu moja ya mwezi wa pili, Charles alikipindua kinu cha dada yake kifudifudi ili akikalie akibadilisha mkanda wa pawatila, trekta lake dogo la magurudumu mawili. Ilikuwa kazi ya nusu saa, lakini mkanda haukuwa wa saizi yake, ikabidi aagize mwingine Chimala. Kwa siku nne nzima kinu kikabaki vilevile, kikikaliwa na kila aliyepita kuchungulia injini na kutoa ushauri ambao hakuna aliyeuomba. Siku ya tano Ng'washi alipokigeuza atwange karanga, alikuta hakina shimo. Palikuwa pameziba kabisa, gogo tupu. Akakirudisha kilivyokuwa, akaenda kuazima kinu kwa jirani.

"Kimekuwa kigoda," alimwambia wifi yake, Veneranda.

"Si wamekikalia siku nne?" Veneranda alijibu, akaendelea kuchambua dagaa.

Mwabulugu ni kitongoji cha Wasukuma waliohamia bonde la Usangu na ng'ombe wao, na huko vitu hufuata kazi vinazopewa. Rimu ya lori iliyotundikwa shuleni iwe kengele ilikaa pale miaka sita. Mwenye lori alipoihitaji akakuta hakuna tairi linaloingia, na ukiigusa hata kwa ukucha inalia. Mbwa wa mwenyekiti Filemoni hakuwahi kumbwekea mtu tangu azaliwe, yeye na makombo, yeye na jua. Mwaka juzi sikukuu ilipokaribia aliamka ni mbuzi, na Filemoni, mtu asiyependa maneno mengi, akamfunga kamba. Watu wa Mwabulugu waliona ni haki. Mbwa asiyebweka, walisema, ni mbwa kwa lipi? Kuhusu binadamu hakuna aliyekuwa amefuatilia.

Ng'washi alikuwa amerudi nyumbani kwao mwaka mmoja tu uliopita. Aliolewa Ilula, akauza nyanya kando ya barabara kuu miaka kumi na mmoja, ndoo kichwani, akikimbilia madirisha ya mabasi. Mume alipofariki, wakwe walimweka msimu mmoja achambue nyanya, kisha wakamwambia kwa upole kwamba mwaka huu hawakupanda. Alifunga mizigo yake. Hapa kwa mdogo wake Charles alipewa jiko, na hakulalamika.

Baba yao, Mzee Malimi, alitoka Maswa akiwa kijana na ng'ombe themanini mbele yake, akatembea nao miezi minne hadi Usangu. Alijua kuchunga. Ukimwuliza habari za mvua alikujibu kwa ng'ombe. Ukimwuliza Ng'washi alizaliwa lini, alikwambia ni mwaka ule bibi wa ng'ombe wake Mabala alipozaa mapacha. Ng'ombe walipungua kwa ugonjwa, kwa mahari na kwa kuhamishwahamishwa bondeni, hadi wakabaki tisa, na hao tisa Charles aliwauza akanunua pawatila. Aliuza kwa ruhusa. Mzee alisema sawa, huku ameshika mkia wa Mabala, na hakuuachia hadi lori lilipoanza kusogea.

Baada ya hapo aliamka kila alfajiri, akachukua fimbo, akaenda kusimama kwenye zizi tupu. Wiki ya tatu akaiacha fimbo. Wiki ya tano Ng'washi aliona kwamba baba yake akipita kwenye tope haachi unyayo, na kuku hawampishi.

Jioni moja wakila, Charles aliuliza, bila ubaya wowote, "Hivi mzee siku hizi kazi yake nini?"

Mzee mwenyewe aliacha kutafuna, akafikiri, kama mtu aliyeulizwa ufunguo ameuweka wapi.

Kesho yake mchana Ng'washi alimkuta amesimama kwenye kona ya sebule. Anjela, mtoto wa Charles wa miaka saba, alikuwa amerudi kutoka shule akatundika begi lake kwenye bega la babu. Veneranda alikuwa ametundika kanga mbichi kwenye mkono. Kichwani palikuwa na kofia ya pikipiki. Mzee alikuwa hajasogea muda mrefu, asije akaangusha vitu vya watu.

"Baba, umesimama hapa kufanya nini?"

"Wameniwekea vitu, mwanangu."

Ng'washi aliviondoa kimoja kimoja. Alipotaka kuukunja ule mkono wa kanga, ulikataa. Kiwiko kilikuwa kikavu, na kwenye kifundo, chini ya ngozi, kulikuwa kumeanza kutokeza ncha ya msumari.

Aliogopa. Aliogopa hadi akakaa chini pale pale kwenye kona, kwa sababu alijua mambo haya yanavyokwenda: kwanza wanakutundikia begi. Baba huyu ndiye aliyemfuata Ilula kwa basi aliposikia amefiwa, mtu asiyejua kusoma, akishuka kila kituo kuuliza kama ndiyo Ilula. Ndiye aliyembebea mizigo. Sasa angegeuka msumari wa kutundikia nguo za watu, na watu wenyewe wangepaka chokaa ukutani wakamzunguka.

Alimfuata Charles kwenye pawatila.

"Mpe baba kazi."

"Kazi gani, dada? Mzee huyu?"

"Yoyote ya heshima. Ya nje, penye watu. Umesikia? Leo hii, si kesho."

Charles alijifuta mikono, akafikiri. Vijana wake wawili wa kufukuza ndege walikuwa wamemkimbia, wameenda Nyololo kupakia mbao, na mpunga wa ng'ambo ya mfereji ulikuwa unaanza kushika maziwa. Kwelea kwelea walikuwa wameshaonekana.

"Ataweza kukaa dunguni?"

"Ataweza," Ng'washi alisema.

Alifurahi. Hilo lisemwe wazi, kwa sababu baadaye ndilo lililomnyima raha: alifurahi, na wazo lilikuwa lake.

Dungu ni kile kichanja cha miti katikati ya majaruba ya mpunga, chenye ngazi na kipaa cha nyasi, ambako mlinzi hukaa na kombeo, vidonge vya udongo, na kamba ndefu zilizofungwa makopo. Mzee Malimi alipanda ngazi ile Jumamosi asubuhi, Ng'washi akimsukuma kiunoni. Kufikia saa nne mkono ulikuwa unakunjika. Alirusha kombeo kama kijana. Aliwafokea ndege kwa majina ya ng'ombe waliouzwa, "Rudi Mabala! Wee Sikujua, nakuona!" na ndege, ambao hawakujua lolote kuhusu ng'ombe, walipinda angani wakaenda kula mpunga wa watu wengine. Alipotua kwenye tope jioni, unyayo ulibaki, mkubwa, na vidole vyote vitano. Ng'washi aliutazama muda mrefu kabla ya kumfuata nyumbani.

Wiki mbili zile zilikuwa nzuri. Asubuhi Ng'washi alimpelekea michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga na kibuyu cha maziwa mgando, akamwamkia kwa mbali kwa Kisukuma, "Mwangaluka, baba!" na yeye huko juu akaitikia kwa sauti ya mtu mwenye shughuli. Watu waliopita kwenye tuta la mfereji walimwamkia. Walimsifu Charles kwa kumheshimu baba yake.

Tatizo ni kwamba aliifanya vizuri mno. Majirani waliomba alinde majaruba yao pia, maana kamba za makopo zilikuwa zinafika. Charles hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloudhi. Alikubali kwa roho safi. Kisha akaona kwamba ndege huwahi kabla ya jua, na mzee anachelewa kufika, basi kuna haja gani ya kurudi nyumbani? Akampelekea blanketi. Kisha mzee mwenyewe akaona kwamba kutoka dunguni upande wa magharibi hauonekani vizuri. Akashuka, akasimama chini katikati ya mpunga, akanyoosha mikono pande mbili ili aonekane mkubwa.

"Baba, si ukae?" Ng'washi alimwambia.

"Nikikaa wananizoea."

Siku ya nne tangu ashuke, hakunywa maziwa. Siku ya sita michembe ya jana ilikuwa palepale, imezungukwa na siafu. Ng'washi aliingia kwenye maji hadi magotini, akamshika mkono.

"Twende nyumbani, baba. Charles atatafuta mtu."

Mzee Malimi aligeuza macho tu. Shingo ilikuwa haigeuki.

"Na ndege?" alisema. "Nani atawafukuza?"

"Waache wale!"

Hilo halikumwingia. Alimtazama bintiye kwa huruma, jinsi unavyomtazama mtu aliyesema upuuzi kwa sababu ya homa. Ng'washi akauvuta ule mguu. Ulikuwa mmoja sasa, mti uliochongwa na kuchomekwa, na kwenye mkono wa koti, pale aliposhika, majani makavu yakamwagika majini. Alipoinua uso, macho yalikuwa vifuniko viwili vya soda, vinang'aa, na upepo ulikuwa unavigonga taratibu.

Alilia pale pale, kwa sauti, hata wanawake waliokuwa wakipalilia ng'ambo wakainua vichwa. Ndege wote wa upande ule wakaruka.

Charles alikuja, akamzunguka baba yake mara mbili. Alivua kofia. Naye alilia kidogo, kweli, akajifuta kwa kiganja chenye grisi.

"Amekuwa sanamu ya kutishia ndege," alisema.

"Ni baba, Charles."

"Ndiyo, ni baba. Sijakataa." Akatazama mpunga, mashuke mazima, hakuna hata moja lililopekuliwa. "Lakini ona, dada. Ona kazi aliyofanya."

Ng'washi alitaka baba azikwe. Ilikuwa ndiyo heshima pekee aliyoweza kuifikiria, kwa hiyo alikwenda kwa mwenyekiti Filemoni kuomba msiba utangazwe. Filemoni alimkaribisha vizuri, akamwita ng'wana Malimi, mtoto wa Malimi, kama ilivyo adabu, akampa kiti.

"Anafanya kazi yake?" Filemoni aliuliza baada ya kusikiliza.

"Nani?"

"Huyo mzee. Ndege wanamwogopa?"

"Wanamwogopa."

"Basi hajafa. Siwezi kutangaza msiba wa mtu anayefanya kazi."

"Basi niitie watu tumrudishe nyumbani akalale kitandani kwake."

Filemoni alikuna kidevu. Sanamu kitandani, alisema, watu watamwonaje? Angekuwa mtu, sawa. Hakuwa anadhihaki, alikuwa anajaribu kweli kumsaidia. Alimsindikiza hadi njiani kwa pole nyingi. "Basi ndiyo hivyo, ng'wana..." alianza, akasita, kwa sababu hakujua tena ni mtoto wa nani. Akamwita mama. Ng'washi alitembea njia nzima akilirudia lile jina lake zima kimoyomoyo, ili lisipotee.

Mwezi wa tano akaja Halfani, mfanyabiashara wa mchele kutoka Mbeya mjini, na Fuso lake, kuangalia mpunga kabla haujavunwa. Babu zake walitoka pwani, na alikuwa na adabu za huko. Alipofika mbele ya sanamu alivua kofia yake iliyofumwa kwa mkono.

"Shikamoo, mzee," alisema, na alisubiri kidogo kabla ya kuivaa tena. Ni yeye peke yake aliyemwamkia tangu mabadiliko yale, na Ng'washi alimpenda kwa hilo.

Halfani alisimama akiangalia ndege wanavyokatiza mbali. "Mimi na mama yangu tunaishi wote," alisema, kama anayezungumza na mpunga. "Yuko chumba cha nyuma. Siku hizi hata jina langu limempotea. Ukimwuliza anataka nini, anasema hataki kitu." Akachuma punje moja ya mpunga, akaipima kwa meno. "Na pale mashineni kwangu panya wananimaliza."

Aliporudi kupakia, wiki tano baadaye, kwenye kiti cha mbele alikaa paka mweupe, mkubwa, amefungwa mkanda. Halfani alimshusha kwa mikono miwili, akamwekea maziwa kwenye kisahani alichokuja nacho. Alimwita Bi Kudra, na hakuruhusu makuli wamwite kwa mluzi.

"Panya wameisha?" Charles aliuliza.

"Wameisha," Halfani alisema. Paka alikunywa maziwa akiwa amewapa mgongo.

Mavuno yakapita. Charles alimng'oa baba yake kwa uangalifu, akamsafisha tope, akamweka stoo kati ya jembe la kukokotwa na magunia matupu, ameegemea ukuta, hadi msimu ujao. Ng'washi alivumilia siku mbili. Siku ya tatu, Charles akiwa ameenda Igurusi, alimtoa, akambeba mgongoni kama wabebwavyo watoto. Hakuwa na uzito wa kumshinda. Alimpeleka kwenye zizi la zamani, ambako samadi ilikuwa imekuwa udongo mweusi tu, akamchomeka pale ng'ombe walipokuwa wakiingilia.

Anjela alikuja kutazama.

"Shangazi, hapa si hakuna mpunga?"

"Hakuna."

"Sasa hapa inafanya nini?"

"Hafanyi kitu. Ni babu yako."

Anjela alikunja uso, akajaribu kuelewa, akashindwa, akaenda kucheza.

Huo ndio ulikuwa mpango wa Ng'washi, na alikuwa nao peke yake. Kama kazi ndiyo iliyomgeuza, basi asiwe na kazi. Asitundikiwe kitu, asifungwe kamba ya kuanikia nguo, asimfukuze hata nzi. Awe baba tu, asimame pale awe baba. Kila alasiri alikwenda kukaa miguuni pake bila kushona wala kuchambua mboga, akamsimulia habari za Ilula, mabasi, nyanya, mvua. Alimlindia uvivu wake kama watu wanavyolinda mtoto mchanga. Veneranda alipopita na kapu la nguo mbichi na kuupima ule mkono ulionyooka kwa macho, Ng'washi alisimama, na Veneranda akapita.

Siku ya tisa, kwenye ncha ya mkono wa kulia, kati ya majani makavu, palikuwa na ukucha. Ukucha wa kidole gumba, wa njano, wenye ufa katikati tangu alipokanyagwa na ndama zamani. Ng'washi aliugusa. Ulikuwa na joto.

Hakumwambia mtu. Usiku ule hakulala kwa furaha, na asubuhi alipika chai ya watu wote, akaosha vyombo mbio mbio ili awahi. Alisikia pawatila ikikokota tela kuelekea zizini, na hakufikiria kitu.

Alipofika, turubai tatu zilikuwa zimeshatandazwa. Mpunga uliobaki ulikuwa na unyevu, Halfani alikuwa ameukataa, na uwanja wa nyumbani ulikuwa na kivuli hadi mchana. Zizi lilipata jua tangu asubuhi. Charles alikuwa amemwaga magunia yote kumzunguka baba yake pande zote, na sasa alikuwa anausambaza kwa reki.

"Dada, umefanya la maana sana kumweka hapa," alisema, akimaanisha. "Mimi nilidhani unamweka bure."

Ng'washi alipita juu ya mpunga kwa miguu mitupu hadi kwenye ule mkono, akapekua majani. Kulikuwa na kijiti. Kijiti kikavu, chenye ufa.

"Charles," alisema. "Baba ni wa nini?"

Charles aliacha reki, akamtazama dada yake kwa mashaka, kisha akauonyesha uwanja mzima kwa mkono: kuku wa Veneranda wamejikusanya mbali kule kwenye michongoma, shingo wamezinyoosha, hakuna hata mmoja anayethubutu.

"Kwani huoni?"

Alimwachia reki awe anageuza mpunga kila baada ya nusu saa, akawasha pawatila, akaondoka. Ng'washi aliiweka reki chini. Alikaa miguuni pa baba yake, mikono mapajani, na safari hii hakumsimulia kitu. Veneranda alimwita kutoka jikoni, mara ya kwanza kwa sauti ya kawaida, mara ya tatu kwa ukali, hakuenda. Saa sita ikapita. Ilipofika saa nane walituma mtu kuuliza ugali umefikia wapi.

Saa tisa Anjela alirudi kutoka shule. Alikatiza zizini, akasimama mbele ya shangazi yake, akamtazama alivyokaa wima bila kusogea, mabega sawasawa. Akavua begi, akalitundika kwenye bega la kushoto la shangazi, akakimbilia kucheza. Ng'washi alihisi mkanda ukikaa vizuri. Hakulitoa, asije akaangusha vitu vya mtoto.